Kasimile Huingia Mwisho

Mchuzi wa nazi hauanzi jikoni, huanza kwenye mbuzi. Nazi ikishafuliwa na kuvunjwa, mtu huketi juu ya kile kibao chenye ulimi wa chuma, akakuna nusu ya kwanza kisha ya pili, huku akizungusha ili meno ya mbuzi yasifike kwenye kifuu na kuchanganya weusi na weupe. Hutia maji ya uvuguvugu, akakamua, akachuja. Tui hilo la kwanza, zito, ambalo watu wa Pwani huliita kasimile, huwekwa kando. Machicha hutiwa maji tena yakatoa tui la pili, jepesi, na ndilo linalopikia: samaki, mbaazi, muhogo au ndizi mbichi huiva humo. Kasimile huingia mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, na tangu hapo upawa hautulii. Unateka na kumimina, unateka na kumimina, mpaka mchuzi uchemke taratibu na kushika. Anayeiacha sufuria akaenda kumjibu mgeni mlangoni atarudi akute tui limekatika, mafuta yameelea juu na chini yake vipande vyeupe kama maziwa yaliyoharibika. Ladha inaweza kuokolewa kidogo. Ule ulaini haurudi tena.

Nimeeleza hatua hizi kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna jibu la swali ambalo watu hulijibu haraka mno. Tukiulizwa urithi wetu wa chakula ni upi, tunataja majina: pilau, biriani, wali wa nazi, mkate wa kumimina, ugali kwa mlenda. Tukiulizwa upendo wa nyumbani unaonekanaje mezani, tunataja wingi: sahani iliyojaa, nyama isiyohesabiwa. Majibu yote mawili yanapita kando ya jambo lenyewe. Jina la chakula linaweza kuandikwa kwenye ubao wa hoteli yoyote, na wingi huletwa na fedha. Kinachorithiwa ni uangalifu wa mkono, yaani ujuzi wa kutambua ni lini, kiasi gani, na kwa ajili ya nani. Na uangalifu huo, ukiutazama kwa karibu, ndio upendo wenyewe ukiwa kazini. Mpishi wa nyumbani hupunguza pilipili kwenye bakuli la mtoto, huondoa miba kabla ya kumpa bibi asiyeona vizuri, hubakisha ukoko kwa anayeupenda. Aliyechelewa kazini hukuta sahani yake imefunikwa na sahani nyingine. Kiswahili kina neno lililokamilika kwa tendo hilo: amewekewa. Halihitaji kuongezwa kitu ili lieleweke kwamba mtu huyo alikumbukwa wakati hayupo.

Hoja ya kwanza dhidi ya wazo la urithi ni ya historia, nayo ni nzito. Wapo wanaosema tunajidanganya kuita vyakula hivi vyetu, maana karibu kila kilichomo sufuriani kilikuja na jahazi au meli. Ni kweli. Mchele na nazi asili yake ni Asia. Karafuu ilitoka visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo, na kilimo chake kilishamiri Unguja na Pemba katika karne ya 19, enzi ya Seyyid Said. Mahindi, muhogo, nyanya, viazi vitamu na pilipili kali ni mimea ya Amerika, iliyofika Afrika baada ya safari za Wazungu za mwishoni mwa karne ya 15. Wanaakiolojia waliochimba Pemba walikuta punje zilizoungua zinazoonyesha kwamba wakazi wa zamani wa Tumbe walitegemea zaidi mawele, na kwamba baadaye, katika mji wa Chwaka, mchele ndio uliotawala. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 alikaribishwa Mogadishu kwa wali uliopikwa kwa samli pamoja na vitoweo vya nyama, kuku na samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya malimau, tangawizi na maembe. Kwa hiyo kuchanganya ni jambo la kale kwetu kuliko nyanya tunazokaangia leo.

Lakini historia hiyo hiyo, ikisomwa hadi mwisho, inathibitisha kinyume cha inavyodaiwa. Muhogo ulifika ukiwa mmea tu, haukufika na tui. Aliyeukata vipande, akautia tui la pili, chumvi na pilipili, kisha akaumalizia kwa kasimile ukawa futari ya mwezi wa Ramadhani, hakuiga Brazil. Boko boko la Unguja ni ndugu wa harees ya Oman. Ngano na nyama husongwa pamoja mpaka visijulikane. Mishkaki nayo huuzwa barabarani Muscat kwa jina linalofanana na letu. Urithi wa familia haujawahi kuwa vitu visivyotoka nje. Hata kanga kitambaa chake kilitoka viwanda vya mbali, na hakuna anayeuliza kama ni ya Mswahili. Kinachofanya kitu kiwe cha watu ni walichokifanya nacho, kwa muda mrefu, kwa ajili ya wao kwa wao. Ndiyo maana nsima ya Malawi, ambayo kwetu ni ugali na ambayo siku hizi hupikwa zaidi kwa unga wa mahindi, iliingizwa na UNESCO mwaka 2017 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kilichotambuliwa ni mila ya kuuandaa na kuula pamoja.

Kenya inatupa ushahidi bora zaidi, kwa sababu haikupeleka UNESCO chakula kimoja, ilipeleka njia ya kufundisha. Kwa miaka mingi mboga za kienyeji, kama vile mnavu, mrenda, saga na majani ya kunde, zilionekana chakula cha mtu aliyekosa. Sukumawiki na kabichi zilichukua nafasi shambani, na vijana wakakua bila kujua hata majina ya majani yaliyowalea babu zao. Hasara haikuwa ya mimea peke yake. Mboga hizi nyingi ni chungu au ngumu, na kila jamii ilikuwa na maarifa yake ya kuzilainisha: kuchanganya chungu na isiyo chungu, kutia maziwa, kutumia chumvi ya majivu, kuzipasha siku ya pili zikawa tamu kuliko siku ya kwanza. Asiyefundishwa hayo huchemsha mnavu kama kabichi, akaonja, akamwaga, akaamini kwamba wazee walikula vibaya. Mwaka 2007 wanasayansi na viongozi wa jamii walianza kazi ya kuorodhesha vyakula hivyo, wakishirikiana na UNESCO na idara ya utamaduni. Walifanya kazi na shule za msingi, miongoni mwa Waisukha wa magharibi na Wapokot, na mimea ipatayo 850 iliandikwa pamoja na majina yake ya kienyeji. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi hiyo kuwa mfano mwema wa kuhifadhi urithi. Leo mboga hizo zinauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi, na wenye fedha wanazinunua. Mmea haukubadilika, kilichobadilika ni kwamba ujuzi wake uliheshimiwa ukapewa watoto.

Sasa nije kwenye hoja ninayoiona kali kuliko zote. Inasema: sifa zote hizi za mkono wa mama ni njia nzuri ya kumfunga mama jikoni. Nani anayekaa kwenye mbuzi? Nani anayeamka kabla ya alfajiri kupika daku, akawa wa mwisho kukaa kwenye mkeka jioni? Na hapo hatujataja moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na wanaokaa karibu zaidi na moto ni wanawake na watoto. Mtu anayeisifia ladha ya kuni bila kutaja mapafu ya mpishi hajaitazama picha nzima. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kitaifa unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Wanaonung'unika kwamba gesi itaua mapishi ya asili wanastahili kuambiwa waziwazi kwamba hakuna wali unaostahili kikohozi cha miaka 30.

Ninaikubali hoja hiyo, ila sikubali hitimisho la baadhi ya wanaoitoa, kwamba dawa ni kuacha kupika. Ukweli unaosahaulika ni kwamba Pwani wanaume wanapika, tena wanapika vizuri. Nenda kwenye harusi au maulidi: nje ya nyumba kuna masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea, na mara nyingi wanaosimamia pilau, wakikaanga vitunguu kwa ndoo na kupalia makaa juu ya mfuniko, ni wanaume. Hakuna anayesema wamepoteza heshima. Wanaitwa wapishi, wanalipwa, wanasifiwa kwa majina. Basi mkono wa mwanaume unaweza, na mila haiukatazi. Tofauti ni kwamba kazi ya shughuli ina malipo na makofi, na ile ya kila Jumanne jioni haina. Upendo unaodai kazi ya mtu mmoja bila shukrani ya mtu yeyote umekwisha kuwa mazoea, na mazoea hayo si urithi wa kutetea. Familia inayodai kwamba chakula chake ni kielelezo cha upendo lazima ionyeshe pia kwamba anayekipika anapendwa, na ushahidi wa hilo ni nani anayekuna, nani anayeosha sufuria, na nani anayepakuliwa kwanza.

Kuhusu vifaa vipya sina wasiwasi mkubwa. Wapo wanaosikitika kwamba nazi inasagwa kwa blenda, kwamba wali unapikwa kwa jiko la umeme, kwamba Waswahili wa London na Toronto wananunua tui la kopo au nazi iliyokunwa ikagandishwa. Mbuzi ni chombo kizuri na ningependa kibaki, lakini tui la kopo nalo hukatika likiachwa kwenye moto mkali. Anayejua hulipunguza kwa maji kwa ajili ya kupikia, akabakisha zito la mwisho. Ujuzi umevuka bahari bila mbuzi. Pasipo kufundishwa hauvuki chumba kimoja kwenda kingine.

Kuna pia suala la afya, na halipaswi kukwepwa. Desturi ya kumshinikiza mtu aongeze, na aongeze tena, ilikua nyakati ambazo njaa ilikuwa karibu. Katika nyumba zenye kisukari na shinikizo la damu, uangalifu ule ule unaopunguza pilipili ya mtoto unaweza kupunguza sukari ya baba na chumvi ya bibi. Hilo si kuvunja mila, ni mila ikifanya kazi yake.

Ugumu mkubwa uko kwenye namna ujuzi huu unavyopita. Mpishi mzuri akiulizwa kipimo hujibu: kiasi. Vijana hukasirika, wakafungua simu kutafuta gramu. Jibu lile halina ubahili ndani yake. Nazi moja ina tui zito na nyingine haina, mchele mpya hunywa maji kidogo na wa zamani hunywa zaidi, na moto wa leo si wa jana. Kipimo kiko kwenye sauti ya sufuria, kwenye rangi ya kitunguu, kwenye tone linaloonjwa kiganjani. Video hufundisha mengi, na daftari la mapishi ni kitu cha thamani ambacho kila nyumba ingefaa kuwa nacho, lakini mtu hawezi kuonja kiganjani kwa kusoma. Ndiyo sababu bibi anapofariki watu husema mchuzi wake hawajaupata tena, ingawa viungo vyote vingali sokoni. Alikuwa na wajukuu. Hakuna aliyesimama kando yake upawa ukiwa mkononi.

Msomaji, Jumapili hii nazi itakunwa katika nyumba nyingi, pengine na yako. Mwite kijana wa nyumbani, wa kiume au wa kike, kabla kasimile haijaingia. Mpe upawa, mwambie asiondoke mpaka mchuzi ushike, na aliyezoea kupika mwache akae.