Cheche za Fundi wa Chuma: Jinsi Moto Uanzavyo na Jinsi ya Kuuzuia

Ufundi wa kuchomelea na kukata vyuma kwa moto ni kazi yenye faida kubwa kwa watu wa mijini na wa mashambani. Plau iliyovunjika huungwa ikarudi shambani siku ile ile. Lango la boma, madirisha ya duka, kitanda cha chuma na mkokoteni, vyote hutoka mikononi mwa fundi huyu. Mtu apitaye Kamukunji, mjini Nairobi, atawaona mafundi wa jua kali wakifua na kuunga vyuma tangu asubuhi mpaka jioni, na hata katika masoko madogo ya mashambani ni nadra kumkosa mmoja wao.

Lakini moto ule ule uungao chuma waweza kuteketeza duka, nyumba na watu. Kwa hiyo yafaa tueleze jinsi moto huo uanzavyo, na mambo yawapasayo fundi, msaidizi wake, na hata mtu aletaye kazi yake kwa fundi.

MELI ILIYOTEKETEZWA NA CHECHE

Tuanze na habari ya meli moja kubwa. Mwaka 1935 Wafaransa walianza kusafirisha abiria kwa meli iitwayo Normandie, ambayo urefu wake ulipita mita 300. Ilikuwa mojawapo ya meli kubwa na nzuri kupita zote za wakati ule. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikiendelea, Serikali ya Marekani iliitwaa, ikaanza kuigeuza iwe meli ya kuchukua askari.

Tarehe 9 Februari 1942, meli ikiwa imefungwa bandarini New York, mafundi walikuwa wakikata nguzo za chuma katika ukumbi wake mkubwa kwa moto wa gesi. Karibu na hapo palikuwa na marundo ya majaketi ya kuokolea watu baharini, yaliyojazwa usufi na kufungwa kwa magunia. Cheche ziliruka zikaangukia marundo hayo. Kwa muda mfupi moto ukaenea katika meli. Maji mengi yaliyomiminwa ili kuuzima yakaielemea meli, na kabla ya mapambazuko ya siku ya pili ikapinduka na kulala ubavu palepale bandarini. Mtu mmoja alikufa na wengine wengi waliumia. Meli ile haikusafiri tena. Mwishowe iliuzwa kuwa vyuma vikuukuu.

Wengi walidhani kwamba hiyo ilikuwa kazi ya maadui. Uchunguzi ulipofanywa ilionekana kwamba sababu yake ilikuwa ni uzembe tu. Watu wa pwani waujua usufi, kwa maana ndio uliokuwa ukijazwa katika mito na magodoro yao, na wajua jinsi ushikavyo moto upesi. Lau marundo yale yangaliondolewa kwanza, meli isingaliungua.

CHECHE NI NINI?

Fundi hutumia moto wa gesi au nguvu za umeme. Moto wa gesi ya asetilini ikichanganyika na oksijeni hupita digrii 3,000 za Sentigredi, na moto wa umeme ni mkali kupita huo. Chuma huyeyuka kwa digrii 1,500 hivi. Basi zile cheche tuzionazo zikiruka ni matone madogo ya chuma kilichoyeyuka. Kazi ya kukata ndiyo itoayo cheche nyingi zaidi, kwa sababu oksijeni huunguza chuma na kukipuliza kitoke kwa nguvu.

Cheche hizo zaweza kufika mita 10 kutoka mahali pa kazi, na fundi akiwa juu ya paa au ngazi huweza kufika mbali zaidi. Huviringika sakafuni, huingia katika nyufa za mbao, na hupenya chini ya mlango mpaka chumba cha pili. Tena cheche iliyoangukia gunia, randa za mbao au sponji ya godoro haionyeshi ndimi za moto mara moja. Huweza kufuka polepole ndani kwa ndani, pasipo mtu kuona, na kuwaka fundi amekwisha funga kazi na kwenda zake. Ndiyo maana baadhi ya nyumba huungua saa nzima baada ya fundi kuondoka, na watu wakashangaa moto umetoka wapi.

KABLA YA KUWASHA

Kwanza, fundi na ajiulize kama kazi yaweza kufanywa mahali pengine. Ikiwa chuma chaweza kubebwa, na kipelekwe uwanjani penye udongo mtupu, mbali na makuti, nyasi kavu, mbao na magari.

Pili, ikiwa chuma hakibebeki, vitu vyote viwezavyo kuungua viondolewe mpaka umbali wa mita 10 na zaidi. Visivyoweza kuondolewa vifunikwe kwa mabati au kwa blanketi maalumu lisiloshika moto. Turubai ya nailoni haifai hata kidogo. Matundu na nyufa za sakafu na ukuta zizibwe.

Tatu, fundi atazame upande wa pili wa ukuta. Joto hupita katika bomba na ukuta wa bati, na godoro lililoegemezwa upande ule laweza kuwaka pasipo cheche hata moja kuvuka.

Nne, ndoo za mchanga na maji, au chombo cha kuzimia moto, viwe karibu kabla ya kazi kuanza. Lakini maji yasimwagwe juu ya petroli iwakayo, kwa maana yataieneza. Wala juu ya waya za umeme kabla ya umeme kukatwa.

Tano, awepo mtu wa pili ambaye kazi yake ni kuulinda moto tu. Fundi aliyevaa kinyago haoni cheche zinakokwenda. Mlinzi huyo asiondoke moto wa fundi uzimwapo, bali akae nusu saa, na afadhali saa nzima, akikagua kila pembe. Hilo ndilo neno lisahauliwalo kuliko yote.

PIPA TUPU SI TUPU

Hatari nyingine kubwa ni ya pipa. Tuseme mtu amemletea fundi pipa la petroli lenye tundu. Asema halina kitu ndani tangu wiki jana, na kwamba ni kazi ya dakika mbili. Fundi analiinamisha, haoni hata tone, anawasha moto wake. Pipa lalipuka, na kifuniko chake charuka kama risasi.

Sababu yake ni hii. Petroli yenyewe haiwaki mpaka mvuke wake uchanganyike na hewa. Pipa lililojaa lina hewa kidogo, lakini pipa tupu lina mvuke na hewa pamoja, na sehemu moja na nusu hivi ya mvuke katika sehemu mia za hewa yatosha kulipuka. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, nao hukaa chini pasipo kutoka. Hata pipa lililosuuzwa na kuanikwa juani huweza kubakiwa na mafuta katika mikunjo yake, na joto la fundi huyageuza kuwa mvuke. Mapipa ya dizeli, mafuta ya taa na rangi, na matangi ya magari, ni hayo hayo.

Shauri lililo bora ni kukataa kazi hiyo. Ikiwa hapana budi, vifuniko vyote vifunguliwe, pipa lioshwe vizuri kwa mvuke wa maji au maji moto na sabuni, kisha lijazwe maji mpaka karibu na mahali pa kuunga, likiachwa wazi ili hewa itoke. Kamwe lisipulizwe kwa oksijeni. Magari ya kuchukulia mafuta yaachiwe wataalamu wenye vyombo vya kupimia mvuke. Hata Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ihusuyo usalama na afya kazini yakataza kuchomelea chombo kilichokuwa na kitu chenye kuwaka kabla kitu hicho na mvuke wake kuondolewa.

MITUNGI YA GESI

Mtungi wa asetilini husimamishwa wima daima na kufungwa kwa mnyororo, kwa sababu gesi imeyeyushwa katika maji ya asetoni, nayo hutoka pamoja na gesi mtungi ukilazwa. Mipira ya gesi hii isiungwe kwa kipande cha shaba nyekundu, kwani viwili hivyo vyaweza kufanya kitu chenye kulipuka. Mtungi wa oksijeni nao usiguswe kwa mikono yenye grisi au mafuta, maana mafuta yakikutana na oksijeni yenye nguvu huweza kuwaka bila kibiriti. Mahali panaposhukiwa kuvuja pajaribiwe kwa povu la sabuni, si kwa moto. Kila mpira uwe na vali ya kuzuia moto usirudi mtungini, na jioni mitungi yote ifungwe.

Wale watumiao mawe ya kabaidi wayaweke mahali pakavu kabisa. Yakikutana na maji hutoa gesi iwakayo. Kwa hiyo moto ukizuka karibu nayo, uzimwe kwa mchanga mkavu, si kwa maji.

NENO KWA WENYE KULETA KAZI

Yote haya hayamhusu fundi peke yake. Mara nyingi fundi huujua wajibu wake, lakini mwenye kazi humharakisha, naye huogopa kupoteza shilingi chache kwa jirani yake asiye na uangalifu. Ndugu msomaji, fundi akikwambia kwamba hatachomelea pipa lako, usimwone mvivu wala mwenye kiburi. Akikuomba utoe magodoro chumbani kwanza, mtolee. Na akibaki kukaa saa nzima baada ya kazi kwisha, akitazama mahali pasipoonekana moto wowote, mpe kiti na chai, kwa maana anailinda nyumba yako. Tahadhari kabla ya hatari.