Sentimita 38 au 60? Fizikia ya Mashine ya Kuchapa Fulana

Karatasi ya A3 ina urefu wa sentimita 42. Bamba la hiti presi ya inchi 15 kwa 15, ambayo vijana wengi huanzia biashara, lina sentimita 38 kila upande. Uilaze karatasi hiyo utakavyo, ncha yake itabaki nje. Itabidi ubane mara mbili, na mibano ikipandana mstari huonekana. Anayeligundua hilo mapema huapa kununua kubwa kabisa, ya 40 kwa 60. Naye huyo ana hasara yake inayomsubiri.

Picha haishiki kitambaa kwa joto peke yake. Inataka joto, muda na kanieneo, yaani kani ukiigawa kwa eneo. Tuseme mkono wa mashine unakandamiza kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 500. Kwenye bamba la 38 kwa 38, lenye sentimita za mraba 1,444, kila sentimita ya mraba hupata takriban gramu 350. Kwenye 40 kwa 60, eneo ni 2,400, na mgawo unashuka hadi gramu 208. Fundi ametumia nguvu ileile, lakini mbano umepungua kwa asilimia 40. Picha ya vinili iliyobanwa hivyo huanza kubanduka pembeni ikifuliwa mara chache, na lawama huangukia vinili. Ndiyo sababu mashine nyingi kubwa za kiwandani hukandamizwa kwa upepo wa kompresa badala ya msuli wa mtu.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba bamba zima linagusa kitambaa tambarare. Fulana haiko hivyo. Ina kola, ina mshono wa bega. Polo ina vifungo, sweta ina zipu. Bamba kubwa hukumba vyote hivyo pamoja, na kwa kuwa ni vinene kuliko picha, vyenyewe ndivyo vinavyobeba mzigo. Picha hupata joto bila kubanwa. Dawa ni kuweka pedi ya sponji inayostahimili joto chini ya picha ili iinuke juu ya mishono, na kwa polo mimi naiona ya lazima kwa mashine ya ukubwa wowote. Fulana za watoto zina tatizo jingine: nyingi ni nyembamba kuliko kitako cha mashine, yaani bamba la chini, cha sentimita 40, kwa hiyo huwezi kukivalisha. Unazilaza juu yake, mishono ya mbele na ya nyuma ikiwa imepandana.

Kuna na suala la joto lenyewe. Alumini husafirisha joto upesi, ila kingo za bamba huvujisha joto hewani zaidi kuliko katikati, hasa kama waya za ndani zimepangwa mbali mbali. Kwa vinili inayobanwa kwenye nyuzi joto 150 au 160, upungufu mdogo unaweza kuvumilika. Kwa sablimesheni hauvumiliki. Wino wake hugeuka gesi kwenye nyuzi 200 hivi na kupenya ndani ya nyuzi za poliesta. Pembe ikipoa, nyeusi hutoka kama kahawia. Basi acha sentimita mbili au tatu za ukingo bila picha. Bamba la 40 kwa 50 huiachia A3 sentimita nne juu na chini, na tano kila ubavu. Kwa anayechapa fulana za watu wazima kwa printa ya A3, huo ndio ukubwa ambao ningemshauri. Mwenye printa ya A4 atosheke na 38.

Ukipima joto la bamba tupu kwa kipimajoto cha miale, usikiamini moja kwa moja. Alumini inayong'aa hutoa miale michache, na kipimo husoma chini ya joto halisi. Pima juu ya karatasi ya teflon. Kanieneo nayo ina kipimo cha bure: weka vipande vya karatasi kwenye pembe nne, funga mashine ikiwa baridi, kisha vuta kimoja kimoja. Kinachochomoka kirahisi kimekuonyesha pembe isiyobana.

Jezi yenye rangi mwili mzima usiitafutie bamba kubwa zaidi. Ukichapa jezi iliyokwisha kushonwa, mikunjo ya makwapani hubaki na michirizi myeupe. Viwandani huchapa vipande kabla ya kushona, mara nyingi kwa kupitisha kitambaa na karatasi kwenye rola kubwa la moto.

Linabaki suala la LUKU, yaani umeme. Bamba la alumini la 40 kwa 50 lenye unene wa sentimita mbili lina uzito wa karibu kilo 11. Hita ya wati 1,800 italitoa nyuzi 25 hadi 200 kwa dakika kama 16, bila kuhesabu joto linalopotea njiani. La 40 kwa 60 litataka 19. Mashine ya wati 2,000 huvuta karibu ampea 9 kwenye volti 230. Plagi ya ampea 13 inalimudu hilo, lakini si waya mwembamba wa ekstensheni uliochomekewa pia pasi na printa.