Je, Wajua? Usonji Hauishii Utotoni

Je, wajua kwamba mtu wa kwanza kutambuliwa rasmi kuwa na usonji (autism) alifariki akiwa mzee wa miaka 89? Ni Donald Triplett wa Mississippi, Marekani, wa kwanza kati ya watoto 11 walioelezwa na Daktari Leo Kanner mwaka 1943. Alikua, akafanya kazi benki, akaendesha gari, akacheza gofu, akatembelea nchi nyingi. Alikufa Juni 2023, na usonji wake alikuwa nao bado.

Basi hata Ulaya watu wazima wa namna hiyo wanaweza kuwapo. Nasema Ulaya ya wilayani Kilosa, Tanzania, kwenye njia ya Mikumi, si ile ya kupandia ndege. Labda ni yule anayekata salamu kwa neno moja, watu wakasema ana kiburi. Spika za harusini humtesa. Ratiba ikivurugwa, siku yake imeharibika. Utani huuchukua kama ulivyotamkwa. Lakini mguse kwenye jambo alipendalo, tuseme mbegu za mpunga, mtakesha.

Vitabu vya wenzetu wa Magharibi hutaja pia kukwepa macho ya mtu. Hapo tahadhari: kwetu kijana kuinamisha macho mbele ya mzee ni adabu tu. Dalili moja haitoshi, ndiyo maana mtaalamu wa afya ya akili huulizia tabia za tangu utotoni kabla ya kutoa jibu.

Siku ya Usonji Duniani ni Aprili 2.