KUUNDA NDEGE KWA MKONO
Kwa nini ndogo huruka na kubwa hukataa

Mtu akaaye Magogoni, upande wa Kisauni katika bara ya Mombasa, hana haja ya kwenda mbali ili kuona eropleni. Ziendazo na zitokazo katika uwanja wa Moi, huko Port Reitz upande wa Changamwe, huonekana angani mara kwa mara. Basi si ajabu vijana wakiuliza: Je, mtu aweza kuunda ndege kwa mikono yake mwenyewe? Jawabu ni kwamba aweza, na wengi ulimwenguni wamefanya hivyo. Lakini liko jambo moja ambalo yapasa alifahamu kwanza, kwani asiyelifahamu hupoteza fedha zake, na pengine hupoteza roho.

KINACHOINUA NDEGE

Kila mtoto wa pwani ajua kurusha tiara. Tiara hupaa kwa sababu upepo huipiga kwa chini, na uzi huizuia isichukuliwe. Ndege haina uzi, wala haingojei kusi au kaskazi. Hujifanyia upepo wake kwa kukimbia. Rafadha huivuta mbele, na hewa hupita juu na chini ya bawa. Kwa kuwa bawa limeinuliwa kidogo upande wa mbele, na mgongo wake umepindwa, hewa husukumwa kwenda chini, na bawa nalo husukumwa kwenda juu. Mwendo ukipungua mno, au pua ikiinuliwa kupita kiasi, hewa huacha kuufuata mgongo wa bawa, na ndege huanza kuanguka.

HESABU IDANGANYAYO WENGI

Tuseme kijana ameunda ndege ndogo ya sponji, nayo imeruka vizuri. Afikiri moyoni, “Nikiifanya kubwa zaidi, itanichukua mimi mwenyewe.” Na tuone hesabu yake.

Akizidisha kila kipimo mara 2, bawa huwa refu mara 2 na pana mara 2. Kwa hiyo eneo lake ni mara 4. Lakini unene nao umezidi mara 2, kwa hiyo uzito wa ndege nzima ni mara 8. Kila sehemu ya bawa sasa yabeba mzigo maradufu. Akizidisha vipimo mara 10, eneo la bawa huwa mara 100, lakini uzito huwa mara 1,000. Ndege hiyo, ijapokuwa sura yake ni ile ile, itataka mwendo mkali zaidi ili ipae, na mwendo huo wataka injini yenye nguvu zaidi, na injini hiyo huongeza uzito tena.

Ndiyo sababu ndege kubwa haiundwi kwa kuikuza ndogo tu. Hufanywa tupu ndani, kwa mbavu nyembamba, na kila kipande hupimwa. Ndege ya Gipsy Moth, ambayo kampuni ya Wilson Airways ilianza nayo kazi mjini Nairobi mwaka 1929, ilikuwa na mabawa ya mbao yaliyovikwa nguo.

Injini ya gari nayo huwakwaza wengi. Yaweza kuwa na nguvu nyingi, lakini ni nzito, na huzunguka kwa kasi isiyofaa rafadha kubwa mpaka itiwe meno ya kuipunguza. Katika nchi ya Nyeri alikuwako fundi mmoja wa kompyuta ambaye magazeti yalimsifu kwa kuunda ndege nyumbani kwake na kuifunga injini ya gari. Bidii yake ilikuwa kubwa, lakini majaribio yake ya kwanza hayakupaa. Bidii haiondoi uzito.

WALIOTANGULIA WALIANZA NA KIDOGO

Mjerumani Otto Lilienthal aliruka kwa mabawa yasiyo na injini zaidi ya mara 2,000, akafa kwa kuanguka mwaka 1896. Wamarekani wawili, Wilbur na Orville Wright, waliokuwa mafundi wa baiskeli, waliyasoma maandishi yake. Hawakukimbilia kufunga injini. Mwaka 1899 walirusha tiara. Tangu mwaka 1900 hata 1902 waliruka kwa ndege zisizo na injini. Na mwaka 1901 walitengeneza sanduku la kupitisha upepo wakapima ndani yake mifano midogo ya mabawa. Injini ilikuja mwisho, nayo ilikuwa na nguvu za farasi 12 tu. Tarehe 17 Desemba 1903 Orville aliruka kwa nukta 12, akaenda futi 120. Alifika chini salama kwa kuwa makosa mengi yalikwisha onekana katika vitu vidogo.

JINSI YA KUANZA

Aliye na hamu na aanze na ndege ndogo ya kuongozwa kwa redio. Mkononi mna kisanduku kipelekacho amri kwa mawimbi ya redio. Ndani ya ndege mna kipokezi, na vijimota vinavyovuta waya za mkia na mabawa. Mwili waweza kuwa wa sponji ngumu na vijiti vya mwanzi, na gundi isiyoila sponji.

Kabla ya kuirusha, ipimwe usawa. Iinueni kwa vidole viwili chini ya mabawa, mahali palipo kama robo ya upana wa bawa kutoka mbele. Pua ikiinama kidogo, ni vema. Mkia ukishuka, sogezeni betri mbele. Kisha itupeni polepole kwa mkono juu ya nyasi, injini ikiwa imezimwa. Isiyoweza kuteleza hewani bila injini haifai kupewa injini. Jihadharini pia na betri za lithiamu, kwani huwaka moto zikitobolewa au zikijazwa umeme kupita kiasi.

SHERIA

Tangu mwaka 2020 Kenya ina kanuni za vyombo vya angani visivyo na rubani, nazo husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mtu wa Magogoni, aliye karibu na njia za ndege za abiria, na aulize kwa Mamlaka kabla ya kurusha chochote, wala asirushe juu ya watu au nyumba. Na yule atakaye kuunda ndege ya kumchukua mtu, na apeleke michoro yake ikaguliwe kabla hajanunua ubao wa kwanza. Ndege ndogo ikianguka, hasara ni sponji na gundi. Ile kubwa ikianguka, hakuna cha kugundisha.