Mwanza hadi Bukoba: Ndege, Basi au Meli?

Ukipima moja kwa moja juu ya Ziwa Victoria, uwanja wa ndege wa Mwanza na ule wa Bukoba vimeachana kilomita 175 hivi, na ndege huhitaji kama dakika 40. Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilomita 850 hivi, karibu mara tano ya hapo, lakini muda wake ni saa moja na nusu tu. Ndege yoyote, iende mbali au karibu, lazima itembee hadi mwanzo wa njia ya kurukia, ipande, kisha ipunguze mwendo na kujipanga kutua. Kwenye safari fupi hayo ndiyo yanayokula muda na mafuta, kwa hiyo usitegemee nauli ishuke kwa kadiri umbali unavyopungua.

Kwa safari ya ndege, hesabu muda tangu unapofunga mlango wa nyumba yako. Uwanja wa Mwanza uko Ilemela, nje ya katikati ya jiji, na unatakiwa ufike mapema kwa ukaguzi na mizigo. Bukoba mambo ni mepesi, maana uwanja uko mjini na bodaboda inatosha. Jumla tenga saa tatu.

Kabla ya kulipa, soma njia ya tiketi yenyewe. Siku isiyo na ndege ya moja kwa moja unaweza kuuziwa safari ya kupitia Dar es Salaam, yaani karibu kilomita 1,900 angani kwa ajili ya kuvuka ziwa. Hiyo iache, kapande basi.

Basi hupita Sengerema, Geita, Biharamulo na Muleba, zaidi ya kilomita 400. Tangu daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lifunguliwe Juni 2025, foleni ya kivuko iliyokuwa ikiwachosha abiria imekwisha. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mchana wako itaishia kwenye kiti.

Mimi nachagua meli. MV Victoria huondoka Mwanza usiku, hupitia Kemondo na kufika Bukoba asubuhi. Ukikata tiketi ya kitanda umelipia usafiri na malazi kwa pamoja, na mwenye fedha kidogo ana daraja la tatu. Wakati wa kurudi na mikungu ya ndizi, ndege haiwezi kushindana nayo hata kidogo. Tatizo ni kwamba haisafiri kila siku, hivyo mwenye msiba wa ghafla hawezi kuingoja. Huyo apande ndege bila kujilaumu.

Wapo wasiokanyaga meli tangu MV Bukoba izame Mei 1996, na wapo wanaoiogopa ndege tangu ajali ya Novemba 2022 pale Bukoba. Hofu hizo ni za kuheshimiwa. Familia ikipanga safari, kila mmoja aulizwe kabla tiketi hazijakatwa.

Njia ya kurukia ya Bukoba ni fupi na iko ukingoni mwa ziwa. Mvua na mawingu yakishuka, ndege inaweza kuchelewa au kurudishwa Mwanza. Ukiwa na safari ya kuunganisha kwa tiketi nyingine, toka Bukoba siku moja kabla.