KUBEBA ABIRIA KWA PIKIPIKI: WOTE WAWILI WAFIKE SALAMA



Siku hizi ukitoka Maua mpaka Siakago, kila soko lina stage ya boda boda. Pikipiki zilizidi kuwa nyingi baada ya mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa zile ndogo zisizofika 250cc. Vijana wengi wakapata riziki. Mama wa Kianjokoma akapata wa kumfikisha hospitali usiku, na mkulima wa Mikinduri akapata wa kumfikisha sokoni. Kwa hayo tunashukuru. Lakini ukiingia wodi ya waliovunjika mifupa utakuta pikipiki hiyo hiyo imewaleta wengi huko, na mara nyingi aliyeumia ni yule aliyekuwa ameketi nyuma.

Vijana wengi wanajua kuendesha wakiwa peke yao. Kubeba mtu ni kazi nyingine kabisa. Hebu tuone ni kwa nini.

UZITO UNABADILISHA PIKIPIKI

Pikipiki nyingi za boda boda zina uzito wa kilo 110 hadi 125 hivi. Ukiweka nyuma mtu wa kilo 70, umeongeza zaidi ya nusu ya uzito wake, na karibu wote umekalia gurudumu la nyuma. Kwa hivyo gurudumu la mbele linakuwa jepesi, hasa ukipanda mlima, na usukani haushiki vizuri. Breki nazo zinahitaji nafasi ndefu zaidi.

Fikiria hivi: ukienda kilomita 40 kwa saa, unapita mita 11 kila sekunde. Kabla hujashika breki, sekunde moja imeisha. Na ukiongeza mwendo mara mbili, nafasi ya kusimama baada ya kushika breki inakuwa mara nne. Ndiyo sababu mwenye abiria aache nafasi kubwa mbele yake, aanze breki mapema, tena atumie breki zote mbili polepole. Akishika ghafla, abiria anamsukuma kwa mgongo na wote wanapoteza mizani.

KABLA YA KUONDOKA

Dereva aangalie mambo haya:

1. Tairi la nyuma. Likibeba watu wawili linataka upepo zaidi kuliko la mtu mmoja. Kipimo kiko kwenye kijitabu cha pikipiki, na mara nyingi kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na cheni.

2. Shoki za nyuma. Nyingi zina meno ya kukaza. Ukibeba mzito, kaza, ndiyo pikipiki isigonge chini kwenye mashimo na mgongo wa abiria usiumie.

3. Taa. Abiria akiketi, sehemu ya nyuma inashuka na taa ya mbele inaangalia juu. Unamulika miti na macho ya wenzako badala ya barabara. Irekebishe kabla giza halijaingia.

4. Cheni na breki. Cheni iliyolegea sana inaweza kuruka ukiwa mlimani.

ABIRIA AKETI NAMNA GANI?

Apande kutoka upande wa kushoto, kwa maana kwa pikipiki nyingi ekzosi iko kulia na inachoma. Angoje dereva aweke miguu yote miwili chini na kumwambia yuko tayari. Akishapanda, aweke miguu kwenye vikanyagio, asiitoe hata pikipiki ikisimama. Ashike kiuno cha dereva au chuma cha nyuma. Kwenye kona alale pamoja na dereva. Akijivuta upande ule mwingine kwa woga, anaivuta pikipiki nje ya barabara.

Akina mama wengi huketi upande mmoja, miguu pamoja, kwa sababu ya heshima ya mavazi. Tunaelewa. Lakini ukiketi hivyo uzito wote uko upande mmoja, na shimo moja linatosha kukuangusha. Hata Sheria ya Trafiki, Sura 403, inasema abiria awe mmoja tu, na aketi miguu ikiwa pande zote mbili. Vaa suruali ndani ya rinda, ama rinda pana, kisha likunje chini ya mapaja. Leso na shuka zifungwe kabisa. Leso ikishikwa na spoki inamvuta mtu chini kabla hajapiga kelele.

Helmeti ni ya wote wawili, na ifungwe kamba. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi nyingi unaonyesha inapunguza vifo vya waendeshaji kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Iliyoning'inizwa kwenye kioo haimsaidii mtu. Kama abiria anaogopa uchafu, aweke kitambaa safi kichwani kwanza.

MITEREMKO NA MATOPE

Barabara ya Embu kwenda Meru inashuka kwenye mabonde ya Thuci, Nithi na Mutonga. Pale Nithi, Julai 2022, basi lilitumbukia mtoni na watu zaidi ya 30 wakafa. Madereva wa boda wengine huweka frii wakiteremka ili kuokoa mafuta. Hiyo ni hatari! Injini ikiwa frii haisaidii kushika mwendo, breki zinafanya kazi yote, zinapata moto na kukosa nguvu. Rudisha gia ya chini ukiwa bado juu ya mteremko.

Huko kwa majani chai, udongo mwekundu ukinyeshewa ni kama sabuni. Mahali pakiwa pabaya, abiria ashuke atembee. Si aibu.

MTOTO NA MGONJWA

Mtoto asiketishwe juu ya tangi. Na ambaye miguu yake haifiki kwenye vikanyagio asibebwe, kwa sababu mguu unaingia kwenye spoki. Mgonjwa asiyeweza kujishikilia atafutiwe gari, hata kama ni kuchanga na majirani. Kumbana katikati ya watu wawili kunaweza kumuumiza zaidi.

Mtu akichomwa na ekzosi, mwagia maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno.

ABIRIA ANA SAUTI

Dereva wengi wanampelekea mwenye pikipiki pesa kila jioni, ndiyo maana wanakimbia na kubeba watatu. Sisi abiria nasi tunawasukuma: tunataka watu wawili kwa bei ya mmoja, tena haraka. Afadhali cucu aseme, "Kijana wangu, enda polepole, mimi sina haraka." Naye ajibu, "Sawa cucu, shika vizuri." Maneno hayo hayana gharama.

Vikundi vya vijana na vya akina mama kanisani wanaweza kualika fundi na askari wa trafiki baada ya ibada, watu wajaribu kuketi na kufunga helmeti pale uwanjani. Haraka haraka haina baraka, na nyumbani wanawangoja wote wawili.

Mungu awalinde safarini.