Zana za Kuboresha Umbo Katika Programu za Usanifu: Mfano wa Plau ya Simiyu

Kuboresha kifaa kwa kompyuta ni kuiagiza programu ya usanifu itafute umbo linalotimiza lengo fulani bila kuvunja masharti. Mhimili wa plau ya kukokotwa na ng'ombe, zana ya wakulima wa pamba na mahindi wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega mkoani Simiyu, unaonyesha vizuri kazi hiyo. Mhimili mnene hula chuma kingi na kumlemea mkulima anapogeuza plau mwisho wa shamba. Mwembamba mno hupinda ukigonga kisiki. Lengo basi ni uzito mdogo, na sharti ni kutopinda.

Kundi la kwanza la zana hubadilisha vipimo tu. SolidWorks na Creo zote zina zana za aina hii: mbunifu hutaja vipimo vinavyoweza kubadilika na mipaka yake, kisha programu hujaribu michanganyiko. Vipimo 3 vyenye thamani 5 kila kimoja huzaa majaribio 125. Vikiwa 5, majaribio hufika 3,125. Faida yake ni kubwa. Chuma bapa kikizidishwa unene mara 2, ukinzani wake dhidi ya kupinda kuelekea juu au chini huongezeka mara 2. Kikizidishwa kimo mara 2, ukinzani huo huongezeka mara 8, ilhali uzito unaoongezeka ni uleule. FreeCAD, inayopatikana bure, hupima nguvu za kifaa kupitia programu ya CalculiX, lakini mbunifu hubadilisha vipimo mwenyewe au huandika programu fupi ya kumfanyia kazi hiyo.

Kundi la pili huamua chuma kibaki wapi. Msingi wake wa kihisabati uliwekwa mwaka 1988 na Martin Bendsøe na Noboru Kikuchi. Kifaa hugawanywa katika vipande vidogo sana, na vile visivyobeba mzigo wa maana huondolewa hatua kwa hatua. SolidWorks na Inventor zina zana hizo. Umbo linalotoka huwa na mashimo na kingo zisizonyooka, hivyo mbunifu hulichora upya kabla ya kulipeleka kwa fundi.

Kundi la tatu, linalojulikana zaidi kupitia Fusion, halianzi na umbo lililokamilika. Mbunifu hutaja sehemu zisizoguswa, kama matundu ya bolti, nafasi zisizoruhusiwa kujazwa, aina ya chuma na njia ya kutengeneza. Programu hurudisha mapendekezo mengi ya kuchagua. Hesabu zake hufanyika kwenye kompyuta za mbali, kwa hiyo intaneti ya uhakika ni lazima.

Kwa karakana ya kuchomelea mjini Bariadi, yenye grinda, drili na mashine ya kuchomelea, njia ya kutengeneza ndiyo inayoamua. Umbo linalohitaji printa ya chuma halina faida hapo, hata likiwa jepesi kuliko yote. Zana ya vipimo hutoa michoro inayokatika kwa vifaa vilivyopo. Ya kuiongezea ni programu ya kupanga vipande kwenye bati kabla ya kukata, kama Deepnest, nayo ni ya bure. Bati la milimita 4 lenye mita 1.22 kwa 2.44 lina uzito wa kilo 93 hivi. Kuokoa asilimia 10 ya bati hilo ni kuokoa kilo 9 hivi za chuma.

Zana zote hizi huamini mzigo zilioambiwa. Ardhi ya mbuga, udongo mweusi mzito wa Usukumani, hukinza plau kwa nguvu zaidi kuliko luseni, udongo wa kichanga. Mhimili ulioboreshwa kwa mzigo wa luseni unaweza kupinda mbugani. Nguvu ya kukokota plau ipimwe shambani kwanza, katika udongo mgumu zaidi, ndipo vipimo vitafutwe, na mwisho vipande vipangwe kwenye bati. Zana za kundi la pili na la tatu zifuate pale tu karakana inapoweza kutengeneza kinachopendekezwa.